Uso wa Mwisho Ukutani

"Piga," alisema Inspekta.

Sajenti aliikamata nyundo vizuri, akamtupia msimamizi wa ukumbi jicho la kuomba radhi, kisha akapiga. Nguzo ya zege iliyosimama katikati ya ukumbi, ndefu kuliko mtu na pana kama kabati la nguo, ilijibu kwa sauti ya debe tupu.

"Nilisema, afande!" Sajenti nusura aruke. "Ina uwazi ndani. Si nilisema?"

"Ulisema. Piga tena."

Msimamizi alifumba macho. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, na tangu asubuhi alikuwa akirudia kwamba ile si nguzo, ni mazungumzo kati ya uzito na ngozi. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kibao ukutani, na ndivyo alivyotaka polisi waelewe kabla hawajaivunja. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe saa kumi na mbili jioni hiyo hiyo. Wachongaji watano walikuwa wameleta kazi zao chini ya jina moja, "Ngozi ya Vitu", kila mmoja na malighafi yake: huyu zege, huyu plasta, huyu mabati yaliyoliwa na kutu, huyu nta, huyu ngozi mbichi za ng'ombe zilizokazwa kwenye fremu zikiwa bado na manyoya. Hizo ngozi zilikuwa zinanuka. Harufu yake ilikuwa imejaa ukumbi mzima, na kila aliyeingia alijiuliza kimoyomoyo kama ni ngozi peke yake.

Mwenye nta hakuwepo. Alikuwa mtoto wa mwisho kwa mama yake, kwa hiyo kila mtu, kuanzia nyumbani hadi karakana, alimwita Kitinda. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita hakuna aliyemtia machoni. Asubuhi ya siku hiyo ujumbe mfupi uliingia kwenye simu ya mama yake: amepata kazi ya ghafla mji wa mbali, asitafutwe, atarudi. Baada ya hapo ujumbe mwingine ulikuja, na mwingine. Sauti haikuja hata mara moja.

Jumatatu hiyo hiyo, mchongaji wa zege ambaye wenzake walimwita Tofali alikuwa amemwaga nguzo yake peke yake, mlango wa karakana umefungwa kwa ndani. Alikuwa mchumba wa Kitinda mpaka mwezi uliopita. Waliachana kwa kelele ambazo majirani wa pande zote mbili walizisimulia polisi kwa furaha. Kwa Sajenti, kesi ilikuwa imekwisha.

Pigo la tatu liling'oa kipande kikubwa. Vumbi lilitoka, msimamizi akakohoa, na Inspekta akapiga magoti mbele ya lile tundu na tochi yake. Akaingiza mkono mpaka begani. Alipoutoa, alikuwa ameshika sponji ya godoro kuukuu na boksi la sabuni lililokunjwa.

"Maboksi," alisema Tofali kutoka mlangoni, alikokuwa amesimama kati ya askari wawili. "Nimewaambia tangu jana ni maboksi. Mlitaka niijaze zege tupu? Nani angeibeba, nyinyi?"

Sajenti aliendelea kuvunja mpaka nguzo ikabaki kifusi. Maboksi, sponji, magazeti. Inspekta alisimama, akajipangusa magoti, na kwa mara ya kwanza katika kesi hii alijisikia mjinga waziwazi. Alikuwa amevunja kazi ya mtu mbele ya watu, na msichana alikuwa bado hajaonekana.

"Mkuu wa kituo atanila nyama," alinong'ona Sajenti.

"Ataanza na mimi, nina cheo kikubwa. Mwachieni huyo kijana."

Kelele za nyundo zilikuwa zimemwingiza ndani mtu ambaye Inspekta alikuwa amemwomba akae nje. Mama yake Kitinda alisimama kizingitini, simu mkono mmoja, kopo dogo la marhamu mkono mwingine. Alikuwa akija kituoni kila siku, na leo, aliposikia polisi wanakwenda ukumbini, alifuata. Kila baada ya muda alibonyeza simu, akaisogeza sikioni, akasikiliza yule mwanamke wa kwenye mashine akisema namba unayopiga haipatikani kwa sasa, akaishusha. Hata askari wa zamu walikuwa wameacha kumwambia ataumaliza moto wa betri.

Alikitazama kifusi. "Hakuwemo?"

"Hakuwemo, mama."

"Alhamdulillahi," alisema, akaegemea fremu ya mlango. Inspekta alimshika kiwiko, akamsogeza pembeni mbali na vumbi, kwenye ukuta wa mwisho. Hakuchagua ukuta ule kwa makusudi yoyote.

Ukuta ule ulikuwa wa mchongaji wa plasta, mzee ambaye mji mzima ulimwita Profesa. Nyuso nyeupe za plasta zilikuwa zimetundikwa kwa mstari, macho yamefumbwa, kila moja imechukuliwa moja kwa moja kutoka kwa mtu: muuza magazeti, nesi, dereva wa lori, msimamizi mwenyewe. Vinyweleo, mikunjo, makovu, vyote vilikuwa vimetoka. Chini yake paliandikwa kwa herufi kubwa TAFADHALI GUSA.

"Hata mimi nimo," alisema msimamizi, akijitahidi kurudisha ukarimu wake mahali pake. "Ila pua si yangu, ya kwangu nyembamba zaidi. Sote hapa tuna matundu ya pua yanayofanana, utadhani tumezaliwa na baba mmoja. Nimemtania sana Profesa kwa hilo."

Mama hakumsikiliza. Alikuwa ameuona uso wa mwisho kulia, ule uliotundikwa peke yake kwenye kibao cheusi. Aliweka kopo la marhamu sakafuni, akanyoosha mkono.

"Huyu ni Kitinda wangu."

"Ndiye," alisema msimamizi kwa sauti ya chini. "Kazi inaitwa 'Usingizi'. Kila mtu anasema ndiyo bora kuliko zote."

Vidole vya mama vilipita kwenye paji la uso, vikashuka polepole, vikatulia juu ya nyusi ya kushoto. Akatabasamu.

"Kumbe hata kidonda chake kimetoka. Tazama, mwanangu, hapa." Aliukamata mkono wa Inspekta akauweka mahali penyewe. "Na mdomo wake. Na pua, hii ndiyo pua yake hasa, na kipini chake. Ametoka mzima mzima."

Inspekta aliacha kidole chake pale juu ya nyusi. Palikuwa na mpasuko mdogo, wa mshazari, kingo zake zimetengana.

"Hiki kidonda alikipata lini, mama?"

"Jumapili, kwangu. Aliinuka vibaya akajigonga na mlango wa kabati la jikoni. Damu ikamtoka nikapiga kelele mimi kuliko yeye. Nilimwambia nitampa marhamu hii, akaondoka bila kuichukua, ana haraka huyo mtoto." Aliinama akaliokota kopo. "Ndiyo maana natembea nayo. Akirudi nimpake, kidonda kisiache kovu."

"Jumapili gani?"

"Ile ya mwisho. Kesho yake ndipo akasafiri."

Inspekta alisema ahsante, mama, akamwomba akapumzike kwenye benchi la nje, kwenye hewa. Alimtazama mpaka akatoka. Kisha akamgeukia Sajenti.

"Profesa alisema aliuchukua huu uso lini?"

Sajenti hakuhitaji kufikiri. Walikuwa wameandika maelezo pamoja jana, karakana kwa Profesa, Kitinda alikokuwa msaidizi. "Alhamisi ya kabla ya hapo. Alisema ndiyo mara ya mwisho kumwona. Ijumaa hakuja kazini, yeye akadhani anaumwa."

"Alhamisi kidonda kilikuwa bado hakijatokea."

"Labda mzee kachanganya siku, afande."

"Labda."

Tofali hakuwa ameondoka. Alikuwa amechuchumaa kando ya kifusi chake, anachagua vipande kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Inspekta alichuchumaa naye.

"Nikuulize kitu. Kitinda aliwahi kukuambia Profesa amemchukua uso?"

"Kitinda?" Tofali alicheka bila furaha. "Huyo hajifuniki hata shuka kichwani. Akifunikwa uso anapiga kelele. Profesa alimbembeleza mwaka mzima, akamwambia ukuta wake hautakamilika bila yeye. Alikataa katakata. Nami nilishangaa nilipouona leo pale. Nikadhani kabadilika, watu hubadilika."

"Mligombania nini nyinyi wawili?"

Kijana alikigeuza kipande cha zege mkononi. "Alitaka kusimama mbele ya watu siku ya ufunguzi, yaani leo, aseme nani hasa alitengeneza ile kazi iliyompa Profesa jina. Mikono yote ile ya nta. Ni yeye, kuanzia ya kwanza. Nilimwambia aache, yule mzee ndiye kila kitu mjini hapa, atatumaliza sote. Akaniita mwoga." Alikiweka kipande cha zege chini. "Na kweli nilikuwa mwoga."

Inspekta alirudi ukutani. Alikuwa na tabia ambayo Sajenti alishaizoea: kitu kikimkaa vibaya, alikitazama tena kwa ukaribu kuliko adabu inavyoruhusu. Aliwasha tochi akaimulika puani mwa muuza magazeti. Tundu fupi, limekwanguliwa kwa kisu, mwisho wake bapa. Akamulika nesi, tundu lile lile. Dereva wa lori, lile lile. Msimamizi alikuwa amesema kweli, baba mmoja.

Akafika kwenye uso wa mwisho.

Huku hapakuwa na alama ya kisu. Tundu lilikwenda ndani, likajipinda kama pua ya mtu inavyojipinda, na kwenye ukuta wake wa ndani, pale ambapo hakuna mchongaji mwenye haja ya kuchonga, palikuwa na kialama kidogo kilichokunjwa. Ilikuwa ncha ya ndani ya kipini. Plasta ilikuwa imeingia mpaka huko ikaichukua.

Inspekta alizima tochi. Hakuwa na hakika bado, hakuwa fundi wa plasta. Lakini hakutaka kuukaribia tena ule uso.

"Sajenti, mfuate Profesa. Mpole tu. Mwambie nina swali la kikazi."

Profesa alikuja akifuta mikono kwa taulo. Alikuwa mzee msafi, ndevu nyeupe zimechanwa, mikono laini ajabu kwa mtu wa kazi ile. Kila mchongaji wa mji ule wa chini ya miaka arobaini alikuwa amepita mikononi mwake, na alisalimiana na kila mtu kama anayemrudishia daftari lililosahihishwa.

"Pole kwa hii," alisema, akikitazama kifusi. "Kazi ya kijana huyu haikuwa nzuri, lakini hakustahili nyundo. Inspekta, ukiniruhusu nitarudi karakana mara moja. Sakafu yangu mpya ya saruji mliiona jana. Isipomwagiwa maji kila mchana inapasuka."

"Niliiona," alisema Sajenti. "Imenyooka kama kioo. Nami nataka ya namna ile barazani kwangu."

"Hatutakuchelewesha," alisema Inspekta. "Msimamizi anasema leo jioni utawaonyesha wageni jinsi unavyochukua uso wa mtu."

"Ndivyo ilivyopangwa."

"Nionyeshe mimi kwanza. Ripoti yangu inataka nieleze kazi ya kila mmoja wenu, nami sijui kitu. Sajenti amejitolea."

Sajenti, ambaye hakuwa amejitolea, alishika masharubu yake kwa mikono miwili.

Profesa alitazama saa ya ukutani, akatazama meza aliyokwisha kuiandaa kwa ajili ya jioni, na fundi aliyemo ndani yake akamshinda. Dakika chache baadaye Sajenti alikuwa amelala chali mezani, shati limefunikwa nailoni, akipakwa mafuta ya mgando kwenye nyusi na masharubu.

"Yasipopakwa yatang'oka yote," alieleza Profesa kwa utulivu.

"Mzee, pakaza. Usione haya. Pakaza!"

"Usicheke. Ukicheka sasa utabaki unacheka." Alichanganya unga wa rangi ya waridi na maji, ule ambao madaktari wa meno huutumia kuchukua umbo la meno ya mtu, mpaka ukawa mzito kama uji. Kisha akachukua mirija miwili ya plastiki, akaiingiza taratibu puani mwa Sajenti. "Hii ndiyo roho yako. Usiiteme. Utavumilia dakika saba, nane, mpaka ugande."

Uji wa waridi ulishuka juu ya paji la uso, macho, mashavu, mdomo. Sajenti mcheshi akatoweka. Palibaki bonge lenye mirija miwili, na sauti nyembamba ya pumzi ikipita ndani yake, fii, fii, ambayo ukumbi mzima ulikaa kimya kuisikiliza. Msimamizi aliweka mkono kooni mwake. Alikuwa amelala pale pale mwezi uliopita, alisema, na alidhani anakufa.

Inspekta alihesabu pumzi. Kifua cha Sajenti kilikuwa kinapanda haraka zaidi ya kawaida, na vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa meza.

Profesa aliukaza ule uji kwa bandeji za plasta, akasubiri, akaubandua wote kwa mara moja. Sajenti aliinuka akihema, macho mekundu, uso umetapakaa mafuta na unga. "Sirudii," alisema. "Hata kwa kupandishwa cheo."

Plasta ilimiminwa kwenye kalibu hiyo, ndani ya umbo la uso lililoachwa na unga. Profesa aliiweka mezani kwa upole, akamwita Inspekta aiguse kwa nje. Ilikuwa inapata joto, kama mtoto anayeanza homa. Ilipokuwa imekaza vya kutosha aliubandua ule unga uliogeuka mpira, na Sajenti wa plasta akatokea: nyusi zake, masharubu yake, hata kichunusi cha kidevuni. Mahali pa matundu ya pua palikuwa na vijiti viwili vifupi vya plasta vilivyochomoza, pale ilipokuwa mirija.

"Pua imeziba," alisema Inspekta.

"Daima." Profesa alichukua kisu kidogo kilichopinda, akakata kijiti cha kwanza, akaanza kukwangua. Sauti yake ilikuwa ya darasani sasa, na alikuwa anafurahia. "Tundu la pua huwa nalichonga mwenyewe. Wanaoanza hawaamini, wanadhani kila kitu kinatoka. Mtu hai lazima apumue, Inspekta, na pumzi ndiyo inayoniharibia kazi."

"Kwa hiyo hakuna uso ukutani pale uliotoka na pua yake mwenyewe?"

"Hakuna. Haiwezekani. Labda kwa mtu..."

Kisu kilisimama.

Msimamizi alimtazama Profesa, akamtazama Inspekta, akasogea mbali na meza. Inspekta alisogea mpaka ukuta wa mwisho, akawasha tochi, akaimulika kutoka chini, kwenye kibao cheusi.

"Njoo, Profesa. Njoo unifundishe na hili."

Alikuja. Huenda alidhani kutokuja kungekuwa kukiri.

"Ndani ya pua hii kuna ncha ya kipini," alisema Inspekta. "Hakuna kisu kilichopita hapa. Unga uliingia mpaka juu, pande zote mbili, na mdomo umefungwa. Huyu alipumulia wapi?"

"Alibana pumzi."

"Dakika nane?"

"Unga mwingine hukaza upesi..."

"Sajenti, bana pumzi."

Sajenti, bado ana plasta masikioni, alijaza mashavu, akabana. Wote walisimama wakimtazama. Macho yakamtoka, mishipa ya shingo ikamsimama, akaachia kwa kishindo kabla hata dakika moja haijatimia.

"Kidonda hiki juu ya nyusi alikipata Jumapili jikoni kwa mama yake," alisema Inspekta. "Wewe ulituambia Alhamisi. Na Kitinda hakuwa mtu wa kukubali kufunikwa uso. Alikukatalia mwaka mzima. Ulimngoja mpaka akawa hawezi kukataa."

Profesa hakumtazama. Alikuwa anautazama ule uso, na Inspekta, aliyekuwa amewaona wauaji wengi wakilia, wakitukana, wakidai wakili, alichukizwa na kile alichokiona. Mzee alikuwa anaukagua. Alinyoosha kidole akafuta vumbi la zege lililotua juu ya kope.

"Ungejua ni mara ngapi nimejaribu kupata kope," alisema. "Mtu hai hutetemesha kope, hata akijitahidi." Akashusha mkono. Kisha akatazama tena saa ya ukutani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikatika. "Inspekta, mchana umepita. Sakafu yangu haijamwagiwa maji. Itapasuka."

Inspekta alielewa kabla hajamaliza kusikia. Jana walikuwa wamesimama juu ya mbao kando ya magunia mabichi, wakaisifia.

"Iache ipasuke," alisema. "Sajenti, mfunge pingu. Piga kituoni, waende karakana kwake na sururu, na daktari. Waambie wachimbe taratibu, kwa mikono wakifika chini. Kisha upekue mkoba wake."

Tofali alikuwa amesimama karibu na kifusi chake, mikono imening'inia. Alipopita mbele yake, Profesa alimwinamishia kichwa kwa adabu, kama wanavyopishana kila siku. Kijana hakumpiga. Alikaa chini, akajifunika uso kwa mikono yake yenye vumbi, na msimamizi akaenda akakaa naye hapo hapo sakafuni na gauni lake la ufunguzi.

Inspekta alitoka nje.

Jua lilikuwa limeanza kupoa. Watu wawili walikuwa wanatandaza zulia jekundu kwenye ngazi kwa ajili ya wageni, na mama alikuwa kwenye benchi lake, kopo la marhamu mapajani. Alisogea kumpisha.

"Kaa, mwanangu. Umechoka."

Inspekta alikaa. Alikuwa amefanya kazi hii miaka mingi na alijua maneno yanayotakiwa, na alijua pia kwamba hayajawahi kumfaa mtu yeyote.

"Mama, nataka unisikilize."

"Nakusikiliza. Ila ngoja kwanza nimpigie, nimepitiliza. Nilikuwa nawatazama hawa na zulia lao." Alikuwa ameshabonyeza. Aliisogeza simu sikioni, akainamisha kichwa kama kawaida yake, tayari kwa yule mwanamke wa kwenye mashine.

Kichwa kikainuka.

"Inaita," alisema.

"Mama."

"Inaita! Siku zote hizi haikuita." Alimkamata Inspekta mkono kwa nguvu, macho yamejaa, uso mzima umemchangamka. "Si nilikuambia? Nilikuambia atawasha."

Mlango wa ukumbi ulifunguka nyuma yao. Sajenti alitoka, nusu ya uso bado ina unga wa waridi, ameshika mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko kulikuwa na simu iliyokuwa imewaka, ikiita kwa mlio wa furaha wa wimbo wa watoto.

"Afande, ilikuwa kwenye mkoba wake, chini ya unga. Nimeiwasha tu kuhakikisha ni ya Kitinda, mara kuna mtu anapiga. Imeandikwa..."

Akamwona aliyekuwa amekaa na Inspekta. Akanyamaza, lakini simu haikunyamaza.

Mama aliutazama mfuko. Alishusha simu yake kutoka sikioni, polepole, akabonyeza kitufe chekundu. Wimbo ukakatika.

Alikaa hivyo kidogo, kidole juu ya kioo. Wenye zulia walikuwa wamesimama. Inspekta akauweka mkono wake juu ya kopo la marhamu lisidondoke.

Mama akabonyeza tena. Mkononi mwa Sajenti, simu ikaita.